Kisu changu kinanuka machungwa

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama mtu wa kawaida ana haja ya kutembea na kisu mfukoni. Nimelisoma nikiwa barazani, kisu chenyewe kikiwa mfuko wa kulia, mahali ambapo kimekaa miaka thelathini na ushei. Kwa hiyo sitajifanya sina upande. Ninacho, nakitumia kila siku, na nikikisahau nyumbani najipapasa njia nzima kama mtu aliyeangusha funguo. Pamoja na hayo, mwaka jana mpwa wangu aliniomba nimnunulie kisu nikamkatalia katakata, na mpaka leo hajanisamehe vizuri. Nikiwajibu la kwanza bila la pili nitakuwa nimewadanganya.

Nilikuwa bwana shamba. Siku hizi wanaitwa maofisa ugani, lakini hapa Muheza ukimuulizia ofisa ugani mstaafu watakushangaa; uliza bwana shamba utaletwa mpaka mlangoni. Kazi yetu kubwa ilikuwa machungwa, na mchungwa wa kuaminika haupandwi kwa mbegu, unabebeshwa, yaani unapandikizwa juu ya shina la mti mwingine. Unaotesha mche wa mlimau mpaka shina linenepe kama penseli. Kisha, kama futi moja hivi kutoka ardhini, unachanja gome kwa alama ya herufi T. Unachanja gome tu, mti wenyewe usiuguse. Unazinyanyua kingo za gome taratibu kwa upande butu wa kisu, unalipenyeza jicho, yaani kichipukizi, ulilolikata kwenye tawi la mchungwa mzuri, likiwa na kipande chake cha gome mfano wa ngao, halafu unafunga kwa mkanda wa nailoni. Baada ya wiki tatu unafungua. Ukikuta jicho bado kijani, limeshika. Ukikuta limekuwa rangi ya tumbaku, rudia.

Kisu cha kazi hiyo ni cha kukunja, bapa lake kama urefu wa kidole. Kinanolewa upande mmoja tu. Upande wa pili unaachwa sawa, ili mkato ulale vizuri na usiache mwanya kati ya jicho na shina. Makali yake tulikuwa tunayapima kwa kunyolea vinyweleo vya mkono, na ukimwona bwana shamba ana mkono wa kushoto mweupe kama wa mtoto ujue visu vyake viko sawa. Kati ya mti na mti unakifuta kwa Jiki, maana yapo magonjwa ya michungwa yanayosafiri juu ya makali kutoka mti mgonjwa kwenda mti mzima. Jiki inakula chuma, ila spiriti haiyamalizi yote. Wakulima wangu wengi hawakuwa na kisu cha namna hiyo. Walibebesha kwa nusu wembe, wembe ule ule tuliochongea penseli shuleni, na wapo walionipita mimi na cheti changu. Vidole vyao tu ndivyo vilivyojaa makovu, kwa sababu wembe hauna mpini.

Nilipostaafu nilirudisha pikipiki ya serikali, nikarudisha na buti za mvua. Kisu kilikuwa changu, nikabaki nacho. Juzi nilihesabu, kwa ajili ya barua hii, nimekitoa mara ngapi kati ya asubuhi na jioni. Mara tisa. Kamba ya katani kwenye gunia la mkaa, mfuko wa saruji wa jirani, uzi uliochomoza kwenye shati, nyaya mbili za redio, kucha moja (mama watoto asisikie), na yaliyobaki yote yalikuwa machungwa. Hakuna hata moja ambalo lingenishinda bila kisu. Meno yapo, kwa mwenye nayo, na mkasi upo ndani. Lakini aliyezoea kisu chake anajua tofauti ya kumenya chungwa na kulipasua. Wale vijana wanaowauzia abiria wa mabasi pale Segera watazameni: ganda linatoka utepe mmoja mwembamba toka juu hadi chini, chungwa linabaki na koti lake jeupe, halitoki hata tone. Kisu wanachotumia ni cha jikoni, kimenolewa mpaka kimebaki chembamba kama jani la mpunga. Sijawahi kuona abiria akimwogopa mmoja wao.

Benki ndiko nilikoona upande wa pili. Siitaji kwa jina, maana mlinzi alifanya kazi yake. Nilikwenda kufuata pensheni, kile kifaa chao cha kukagulia vyuma kikalia kwenye mfuko wangu wa kulia. Nikakitoa kisu. Mlinzi akakishika kwa ncha za vidole viwili, kama anayemshika panya aliyekufa.

"Mzee, kisu cha nini?"

"Cha kubebeshea."

"Kubebesha nini?"

Hapo foleni nzima imegeuka. Mama mmoja mbele yangu akaisogeza pochi yake upande wa pili. Nikaanza kueleza habari za mlimau na herufi T mbele ya watu wenye haraka zao, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwizi. Aliyeniokoa ni mzee mwenzangu kutoka nyuma: "Mwacheni, huyo bwana shamba, kanibebeshea miche yangu yote." Mlinzi akacheka, akakiweka kisu kwenye droo, akanipa kikaratasi. Nikatoka na pensheni yangu na kisu changu.

Niliwaza sana njiani. Mimi nina mvi, nina baraghashia, nina mtu wa kunishuhudia. Kijana wa miaka ishirini na miwili mwenye kisu hicho hicho asingepewa kikaratasi. Dar es Salaam wamepita kwenye taharuki za panya road, vijana wanaoingia mtaani kwa kundi na mapanga na visu. Habari zao zilipofika huku, kila kijana mwenye chuma mfukoni alianza kutazamwa kwa jicho la pembeni, hata fundi umeme. Huo si uadilifu, lakini ndivyo ulivyo mtaa, na anayejibu swali lenu bila kuutazama mtaa anajibu la chumbani kwake.

Sasa nije kwa mpwa wangu. Anaendesha bodaboda, mara nyingi usiku. Alikuja siku moja saa moja ya jioni, akanipa shikamoo, akakaa, akazunguka kwanza kwa habari za mvua. Halafu akasema, "Mjomba, naomba uninunulie kisu kama hicho chako. Wanapora pikipiki barabara ya chini. Nijilinde."

Nikamuuliza wanakuja wangapi. Akasema wawili, watatu. Nikamuuliza, ukishawatolea kisu, halafu? Hakuwa na jibu. Nikamwambia nilichokuwa nimekifikiria toka siku ile ya benki. Ukipiga yowe la mwizi, watu wanatoka majumbani na fimbo na mawe, wana hasira, giza limeingia, hawamjui nani ni nani. Wakifika wanamtafuta mmoja tu: mwenye kisu mkononi. Hawatakuuliza pikipiki ni ya nani. Waporaji watakuwa wameshatupa vyao kwenye mkonge, na wewe umesimama katikati ya barabara na bapa linang'aa. Sisi sote tumeshasikia redio inavyosema, "ameuawa na wananchi wenye hasira kali," na mara nyingine baadaye ndugu zake wanakuja kueleza kwamba ndiye aliyekuwa ameibiwa. Na tuseme watu hawakuja. Tuseme umefanikiwa, umemchoma mmoja. Pikipiki ina bei, naijua, nilichangia. Roho ya mtu utailipa kwa nini?

Dada yangu, mama yake, alikuwa jikoni anasikiliza. Akadakia, "Kaka, wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe." Ni msemo mzuri na mimi nimeutumia kwa wanangu. Lakini wembe ule wa wahenga humkata aliyeulilia, akajifunza, yakaisha. Huu aliokuwa anaulilia mpwa wangu ungemkata mtoto wa mama mwingine. Dada akanyamaza, ingawa alinyamaza kwa namna ya kuniambia kwamba mwenye kulala bila usingizi kila usiku ni yeye, si mimi. Hilo nalikubali. Tulikubaliana kitu kingine: asibebe abiria asiyemjua kwenda barabara ya chini baada ya saa nne, na akizuiwa ashuke, aache funguo, akimbie. Ni ushauri wa mtu mwoga. Nimeutoa kwa makusudi.

Miaka mingi nyuma mgeni mmoja wa mradi alinizawadia kile kisu chekundu cha Uswisi chenye msalaba. Nilikuja kusoma habari zake. Mwishoni mwa karne ya 19 jeshi la Uswisi lilitaka kisu kwa kila askari, viwanda vya kwao havikutosha, shehena ya kwanza ikatoka Solingen, Ujerumani. Mwaka 1891 fundi aitwaye Karl Elsener, aliyekuwa na karakana Ibach, huko huko Uswisi, akaanza naye kulitengenezea jeshi. Na kisu hicho cha askari kilikuwa na nini? Bapa moja, msharasi wa kutobolea, kifungua kopo na bisibisi. Kopo ni la chakula, bisibisi ni ya kufungulia bunduki waisafishe. Kile chenye kizibuo, ambacho ndicho dunia nzima inakijua, kilisajiliwa mwaka 1897 kwa ajili ya maofisa. Yaani hata askari, ambaye kazi yake ni vita, kisu cha mfukoni alipewa cha maharage ya kopo. Kwa kumdhuru mtu alikuwa na vyombo vingine. Chekundu hicho alikichukua binti yangu, na mimi sikukililia, maana chuma chake hakishiki makali ya kubebeshea.

Binti huyo ni muuguzi Uingereza, na alipokwenda ilibidi akiweke kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Kule ameniambia sheria imeandikwa mpaka inchi. Kisu cha kukunja chenye bapa lisilozidi inchi tatu, ambalo halijifungi kwa komeo likishafunguka, unaweza kutembea nacho bila kueleza. Kikizidi hapo, au kikijifunga, uwe na sababu nzuri: kazi yako, kwa mfano, au dini yako. Na kujilinda si sababu. Zaidi ya hayo, hata kile kidogo kinachoruhusiwa, ukikiri umekibeba ili umchome atakayekusogelea, kimeshakuwa silaha. Nilifurahi kusikia, kwa sababu ndilo swali la mlinzi wa benki: mzee, kisu cha nini? Wao wameliandika kwenye sheria ya mwaka 1988, huku tunaulizana mlangoni.

Basi jibu langu kwa msomaji mwenzangu. Ukiamka asubuhi ukaweza kuitaja kazi ya kisu chako kwa jina, ya leo, chungwa, kamba, waya, mche, kibebe na usione haya. Ukitafuta sababu ukaona unamtaja mtu, kiache kabatini, na bora kabati lenyewe lisiwe lako. Mama aliyeniuliza sokoni kama binti yake anayerudi tuisheni usiku abebe kisu nilimjibu hivyo hivyo, nikaongeza kwamba kisu kidogo mkononi mwa aliyeogopa hunyang'anywa, kisha kikabadilisha upande. Kwa huyo binti ningetafuta wenzake wa kurudi naye, na tochi.

Na ukishakibeba, kuna adabu zake. Bibi yangu hakukubali kisu kipite mkono kwa mkono. Ulikiweka chini, mwenzako akakiokota, la sivyo mtagombana. Nilikuwa nacheka. Sasa naona alikuwa anazuia mikono miwili isikutane juu ya makali. Usikifungue mbele ya watu kabla hawajaona unachotaka kukata: shika chungwa kwanza, kisu baadaye. Usikichezee ukiwa unaongea. Usiingie nacho mpirani, wala kwenye msiba wenye ugomvi wa mirathi. Na kifute. Maji ya chungwa yanakipaka chuma weusi usiku mmoja tu.

Mpwa wangu nilisema hajanisamehe vizuri. Kuna siku aliazima kisu, eti akatie mpira wa ndani wa tairi. Kilirudi kimenolewa kwenye saruji pande zote mbili, kimeharibika kabisa kwa kubebeshea, na ilinichukua siku tatu na kinoo kukirudisha. Ijumaa iliyopita alipita hapa na chungwa mkononi. Akasema, "Mjomba, lete kisu." Nikakiweka juu ya baraza, akakiokota. Alimenya vibaya, nusu ya nyama ikabaki kwenye ganda, juisi ikamtiririka mpaka kiwikoni. Nilimwachia na la pili ajaribu.

Bwana shamba mstaafu,
Muheza