Kazi ya nyumbani naiunga mkono, skuli ya nyumbani kwanza tuzungumze

Assalaam alaykum jamani. Kina mama hapa Wete wananiuliza, maadamu mie nafanya kazi nyumbani kwa kompyuta, mbona simtoi na mwanangu skuli asome humuhumu mtandaoni. Simtoi, na ntaeleza kwa nini.

Kazi hii naipenda. Naweka hesabu za duka la Uingereza, saa zao ziko nyuma yetu, msimu wao wa joto kwa saa mbili na wa baridi kwa saa tatu, kwahiyo wao wakifungua saa tatu asubuhi huku kwetu ni saa tano au sita, nshapika nshafua na mtoto yuko skuli zamani. Sikulazimika kupanda boti kwenda Unguja kutafuta ajira na mama yangu niko nae karibu. Ubaya upo, watu wakikuona ndani wanadhani huna kazi, mgeni anakaa mpaka adhuhuri. Na mtandao usiuamini sana, Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika hata mwenye laini mbili alikwama, shusha mafaili yako mapema.

Sasa mtoto ni habari nyengine. 2020 corona ilipofunga skuli masomo yakaja redioni na kwenye TV, wangu alikuwa mdogo, anatazama mpaka kipindi kinaisha, ukimuuliza kasoma nini hajui. Mimi nikikwama kazini natuma meseji, mtoto akikwama ananyamaza, na mwalimu wa kwenye skrini haoni uso wake ule wa kutofahamu. Khalafu wa kike ndo balaa, yupo nyumbani basi kachote maji, kamshike mdogo wako, osha vyombo, na hakuna anaeona kama kamkosesha somo, skuli angalau inamtoa kwenye kutumwa.

Kwa watu wazima sisemi kitu, Chuo Kikuu Huria wanasomesha watu wenye kazi na watoto na wanamaliza.

Ukiwa huna budi, mtoto mgonjwa au skuli iko mbali mno, basi kaa nae mwenyewe ubavuni kabla saa zako za kazi hazijaanza, chukua masomo yaliyorekodiwa uyashushe usiku, simu yake isiwe ndo simu yako ya kazi, na akishafungua daftari asitumwe hata dukani.