Taya Likitetemeka, Angalia Linatetemeka Wakati Gani

Niliiona kwenye kioo nikipiga mswaki. Nilifungua kinywa kidogo tu, kidevu kikaanza kucheza chenyewe kama cha mtu aliyetoka kwenye maji ya baridi. Usiku ule sikupata usingizi.

Daktari wa meno alinishika mashavu, karibu na pembe za taya, akaniambia niume meno. Msuli ukatuna chini ya vidole vyake, mgumu kama kokoto, nami nikaruka kwa maumivu. Akanionyesha magego yangu yalivyolika. Kumbe mchana kutwa nilikuwa nakaza meno nikiwa kazini, na usiku nayasaga bila kujijua. Msuli unaofanyishwa kazi namna hiyo huchoka, na ukichoka hutetemeka, kama miguu inavyotetemeka baada ya kushuka mlima mrefu. Wasiwasi na kahawa nyingi vilikuwa vinachochea.

Alinifundisha jambo moja ninalolifanya hadi leo: midomo ifungwe, meno yasigusane, ulimi ukae juu nyuma ya meno ya mbele. Nikapunguza kahawa, nikaacha kutafuna chingamu, na usiku nikawa navaa kifaa cha plastiki cha kukinga meno. Ilichukua wiki kadhaa.

Lakini chanzo chako huenda si changu, kwa hiyo chunguza taya linatetemeka saa zipi. Likitetemeka ukiwa umetulia kabisa, huzungumzi wala hutafuni, mwone daktari. Ugonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka, unaweza kuanza hivyo. Likianza baada ya dawa mpya, hasa za magonjwa ya akili, za sonona au metoklopramaidi ya kichefuchefu, mwambie aliyekuandikia. Usiiache dawa kwa uamuzi wako, tafadhali. Ganzi kuzunguka mdomo na vidole kukakamaa huweza kuwa upungufu wa kalsiamu, na hilo hupimwa kwenye damu.

Yapo yasiyongoja miadi. Taya kukaza lisifunguke, hasa kama ulipata jeraha siku za karibuni, linaweza kuwa pepopunda. Uso kulegea upande mmoja au maneno kutotoka vizuri ni dalili za kiharusi. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Kama si hayo, anza na daftari. Mimi niliandika kwa siku kumi: saa, nilichokuwa nafanya, nilichokunywa. Ukurasa ule ndio daktari aliousoma kwanza.