Rafiki yako wa Yiwu anayesomesha mdogo wake

Ukienda Yiwu, mji wa masoko ya jumla kule China, kufuata mzigo, usimuulize binti wa Kichina maana ya jina lake mbele za watu. Mimi niliuliza. Dada aliyekuwa akituuzia vibanio vya nywele pale soko la Futian aliendelea kuhesabu dazeni, kisha akajibu bila kuinua macho: "Maana yake, aje mdogo wa kiume." Majina kama Zhaodi na Laidi ndiyo hayo. Mtoto anabebeshwa ombi la mtoto mwingine.

Na ombi likajibiwa. Kwao ni kijijini, mkoa wa Jiangxi. Enzi hizo sera ya China ilikuwa mtoto mmoja, lakini kuanzia 1984 mikoa mingi iliwaruhusu wanavijiji kuzaa wa pili endapo wa kwanza ni wa kike. Mjini, ambako mtoto alikuwa mmoja tu, binti wa pekee alisomeshwa kwa nguvu zote za wazazi, hata za babu na bibi. Huyu wa kijijini akapata mshindani. Ile miaka 9 ya lazima walisoma wote wawili, haina ada. Sekondari ya juu ndiyo inalipiwa, na hapo baba akapiga hesabu zake: binti ataolewa aende kwa watu, wa kiume ndiye atakayetutunza uzeeni. Dada akaingia kiwandani na miaka yake 16. Sasa mshahara ukiingia tu, nusu inaondoka kwa WeChat, ile programu ya simu ya Kichina ya kutumiana ujumbe na hela, kulipia ada ya mdogo wake. Nimeshuhudia, kaunta bado imejaa vibanio.

Kosa langu la pili lilikuwa kumwambia aache kutuma. Alininunia wiki nzima! Anampenda yule mdogo wake, kambeba mgongoni. Kwa hiyo usimgombanishe na kwao. Muulize yeye mwenyewe alitaka kusomea nini. Wangu alisema uhasibu (kwa alivyokuwa akinibana bei, ningeotea). Tukakaa na karatasi: hela ya nyumbani iwe kiasi kilekile kila mwezi, na ya kwake itengwe kwanza, kabla mama hajapiga simu.

Kisha mtafutie mlango. Kuna zikao, mtihani wa serikali wa elimu ya juu kwa wanaojisomea wenyewe: hawakuulizi cheti cha nyuma wala umri, unafanya somo mojamoja, Aprili na Oktoba. Oktoba iliyopita aliniachia kibanda siku mbili akaenda kufanya masomo mawili. Niliuza dazeni 40 kwa bei ya hasara. Hasara hiyo kaikata kwenye kamisheni yangu.