Hospitali za mkoa mzima kwenye mtandao mmoja: tuchimbe faiba yetu au tukodi?

SWALI: Mimi ni afisa TEHAMA wa hospitali moja mkoani Ruvuma. Tunataka hospitali ya rufaa ya mkoa pale Songea, hospitali za wilaya, za misheni na vituo vya afya kadhaa viwe kwenye mtandao mmoja, ili daktari bingwa asome eksirei za mbali na aongee na mgonjwa kwa video. Sahivi kila hospitali inanunua intaneti kivyake. Wenzangu wanasema tutafute mfadhili tuchimbe faiba yetu. Unashaurije, na tunahitaji kasi kiasi gani?

JIBU: Ndugu yangu, msichimbe. Naanza na hilo manake ndipo hela nyingi huwa zinapotelea. Songea mpaka Tunduru ni zaidi ya kilomita 200, na faiba ukishaifukia bado kuna greda la barabara litaikata, kuna mafuriko, na lazima uwe na watu wenye gari na mashine ya kuungia tayari usiku na mchana, na mfadhili akiondoka hiyo gharama inabaki kwenu. Mkongo wa Taifa, yaani faiba kuu ya serikali, upo, kampuni za simu zina minara, kodini huko. Wamarekani walipitia njia hiyo hiyo: 2007 tume yao ya mawasiliano, FCC, ilichagua miradi 69 ya mitandao ya hospitali, ikatenga kama dola milioni 417, ikawa inalipa hadi asilimia 85 ya gharama, na pamoja na hela zote hizo miradi mingi iliamua kukodi laini badala ya kumiliki. Walichofaidi zaidi ni kununua kwa pamoja, ukienda kwa mtoa huduma na hospitali kumi anakusikiliza tofauti na ukienda na moja.

Kwa hiyo cha kumiliki ni mkataba mmoja, mpango mmoja wa anwani za IP (namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao), rauta zenu wenyewe, na watu wawili watatu wanaosimamia mtandao mzima. Waya awe nao mwingine. Mkikaa hivyo mtoa huduma akizingua mnambadilisha na mtandao wenu unabaki ule ule.

Hapo kwenye anwani naomba mkae chini mapema kabla hamjanunua kitu chochote. Sahivi nina uhakika karibu kila hospitali yenu iko kwenye 192.168.1.0 manake ndivyo rauta zinavyokuja kutoka dukani, sasa siku mnaunganisha, seva ya maabara ya Mbinga na printa ya Namtumbo zina anwani moja na hakuna kinachoelewana. Gaweni anwani zinazoanza na 10 kwa kila wilaya, mfano Songea 10.10, Mbinga 10.20, Tunduru 10.30, halafu kila kituo kipewe kipande chake ndani ya hapo, na acheni nafasi ya kukua. Ni kazi ya wiki moja kwenye karatasi, ukiiacha mpaka baadaye inakuwa ya miezi.

Kasi sasa. Mbps ni megabiti kwa sekunde, na MB moja ya faili ni megabiti 8. Eksirei moja ya kifua ya dijitali chukulia MB 20. Kwenye laini ya Mbps 2 inapanda kwa sekunde kama 80, hiyo inavumilika kabisa. CT-scan ni habari nyingine: kipande kimoja, yaani picha ya mkato mmoja wa mwili, ni nusu MB, vipande 300 ni MB 150, kwa Mbps 2 hizo ni dakika 10, kwa Mbps 10 ni dakika 2. Video nzuri ya kuongea na mgonjwa inataka kama Mbps 2 kwenda na 2 kurudi. Ukijumlisha, kituo cha afya kinaishi na Mbps 4 au 5, hospitali ya wilaya ipe 10 hadi 20, Songea ndiyo muipe kubwa kwa sababu kila kitu kinaishia pale. Ila angalieni kasi ya KUAPULODI, mtu akikuuzia "Mbps 20" muulize kupanda ni ngapi, manake kituo kazi yake kubwa ni kutuma na siyo kupokea. Na kwenye rauta wekeni kipaumbele: sauti na video zitangulie, picha zifuate, mambo mengine nyuma kabisa, la sivyo CT moja ikianza kupanda daktari anaona uso wa mgonjwa umeganda katikati ya maelezo.

Kuna kitu watu wengi hawakioni, seva ya video iko wapi? Kama iko Ulaya, daktari wa Songea na nesi wa Mbinga wanaongea kwa kupitia baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Afrika Kusini na intaneti ikasuasua nchi nzima, sasa mgonjwa wa Mbamba Bay hana sababu ya kukosa daktari wa Songea kwa sababu ya waya uliokatika huko. Seva ya video na ya picha ziwe ndani ya nchi, ikiwezekana Songea na nakala Dodoma au Dar.

Hospitali ya Peramiho mnaweza kuiunganisha kwa redio kutoka Songea, yaani antena mbili zinazotazamana, ni kilomita ishirini na kitu. Kwa 5.8 GHz kwenye umbali wa kilomita 20, katikati ya njia mnahitaji nafasi wazi ya kama mita 16 kuzunguka mstari, ongezeni mita 6 za mviringo wa dunia, kwa hiyo kuona mnara kwa darubini haitoshi, pimeni miti na vilima, na muulizeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuhusu masafa kabla ya kufunga. Nyasa msijaribu moja kwa moja, milima ya Umatengo imekaa katikati.

Vituo vidogo tumieni laini za simu za kampuni mbili tofauti kwenye rauta moja, juu yake VPN, yaani njia ya siri iliyofungwa kwa msimbo ndani ya intaneti. Laini za simu kwa kawaida hazikupi anwani ya IP inayofikika kutoka nje, kwa hiyo kituo ndicho kianzishe muunganisho kwenda Songea, programu ya VPN iitwayo WireGuard inafanya hivyo vizuri, weka keepalive (ishara ya kuifanya njia ibaki wazi) ya sekunde 25 na MTU (ukubwa wa juu wa pakiti moja ya data) 1420 au chini, ukiona ujumbe unapita lakini picha kubwa zinakwama anza kukagua hapo kwenye MTU. VPN siyo hiari, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na wamisheni na serikali mkiwa mtandao mmoja andikeni kabisa nani anaruhusiwa kuona faili la nani.

Umeme na radi msivisahau. Betri za rauta na swichi, sola kwa vituo vya mbali, na etha nzuri, yaani waya wa kupeleka radi ardhini, kwenye kila nguzo, Ruvuma mvua zikianza kifaa kisicho na etha hakifiki Aprili.

Kabla hata ya kuongea na mfadhili, fungeni kipimo kwenye kila kituo kirekodi kasi na kukatika kwa mwezi mzima, mchana na usiku. Namba hizo ndizo mtakazoweka mezani na mtoa huduma, na kwenye mkataba muandike masaa mangapi anaruhusiwa kukaa bila kurekebisha na anawalipa nini akizidisha.