Kipimo kimoja kinasema ninayo, kingine sina

SWALI: Dokta shikamoo. Nina mimba ya miezi sita, ya kwanza. Nilivyoanza kliniki walinitoa damu, majibu ya homa ya ini C yakaja positivu, nililia siku nzima. Baada ya wiki mbili nikapimwa PCR, karatasi imeandikwa virusi havijaonekana. Nesi mmoja kaniambia nishapona, mwingine anasema kile cha kwanza kilikosea, na mume wangu kila siku ananiuliza nimeutoa wapi. Sijawahi kuumwa manjano mimi. Je, mtoto atazaliwa nao? Nitanyonyesha?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana, na samahani kwa niaba ya wote waliokupa karatasi bila kukaa na wewe chini wakakueleza. Hayo majibu hayapingani. Kipimo cha kwanza kilitafuta kingamwili, yaani alama anayoachiwa mtu ambaye mwili wake uliwahi kupambana na kirusi, PCR ikamtafuta kirusi mwenyewe kwenye damu na haikumkuta. Kwa hiyo leo huna homa ya ini C.

Manesi wako kila mmoja ana hoja. Inawezekana iliwahi kukuingia zamani ukaitoa bila dawa, maana katika watu 100 wanaoambukizwa, kati ya 15 na 45 huitoa wenyewe ndani ya miezi 6, na wengi hawaoni manjano wala chochote, ila alama inabaki miaka na miaka. Au kipimo cha kwanza kilidanganya, hilo nalo lipo, hasa kwa mtu asiye na historia yoyote ya hatari. Ukitaka kujua ni lipi, waombe warudie kingamwili kwa kipimo cha aina nyingine. Ila kama ndani ya miezi 6 hii uliongezewa damu au ulichomwa sindano usiyoiamini, sema, PCR irudiwe, kwa sababu wiki moja mbili za mwanzo kirusi anaweza asionekane.

Sasa mumeo. Naomba asome hapa mwenyewe: shemeji, kile kipimo hakina tarehe wala jina la mtu. Ugonjwa huu unapita kwenye damu, sindano iliyotumika, wembe, vifaa visivyochemshwa vizuri, damu ya kuongezewa ambayo haikupimwa, hata kuzaliwa nao, kwa tendo la ndoa ni mara chache. Ile karatasi sio ushahidi wa usaliti na mkeo hana kesi ya kujibu.

Mtoto: hata mama mwenye virusi kwenye damu, ni kama watoto 6 tu kati ya 100 wanaoambukizwa, na wewe virusi havipo, basi hana cha kuambukizwa. Kuna kitu kimoja usije ukashtuka tena, kingamwili zako zinapita kwenda kwake, akipimwa kipimo kile cha kwanza kabla ya miezi 18 kinaweza kusoma positivu wakati mtoto ni mzima kabisa. Waambie mapema kliniki ya watoto. Upasuaji huhitaji kwa sababu hii, na nyonyesha bila wasiwasi, hata wenye virusi wananyonyesha, wao wanasimama tu chuchu zikipasuka zikitoa damu mpaka zipone.

Kliniki ijayo beba karatasi zote mbili, na shemeji uje naye.