Usiifomati hiyo diski, wala usirudishe picha humo humo

Usibonyeze hapo! Kompyuta ikikuambia diski sharti ifomatiwe kabla ya kutumika, ghairi, ichomoe, iweke kando. Unasema ni diski ya nje ya 1TB, stima ilipotea huko Bamburi ukiwa katikati ya kuhamisha picha za harusi ya dadako, sasa Windows inaionyesha kama RAW (yaani haitambui tena mpangilio wa faili zake), na unauliza umpe fundi kazi au ujaribu mwenyewe, na pia diski gani ununue baadaye. Halafu umeandika kwamba fundi wa mjini amekwambia, “Tuifomati kwanza, kisha programu itarudisha kila kitu.” Hilo “kwanza” limenichoma. Ni maneno yale yale niliyoambiwa mimi, nikayaamini, nikayalipia, na picha hazikurudi.

Picha zako yamkini bado zipo. Stima ikikatika wakati diski inaandika, kinachoharibika kwa kawaida ni sekta (kipande kidogo kabisa cha diski) ya mwanzo ya patisheni (sehemu ya diski iliyotengwa kuhifadhi faili), au kipande cha MFT, yaani jedwali ambamo NTFS, mfumo wa Windows wa kupanga faili, inaweka jina la kila faili na mahali ilipolala. Ni kama daftari la bandari limelowa maji, lakini makontena bado yamepangwa palepale Kilindini. Kazi ni kusoma makontena bila kusogeza hata moja.

Sasa fomati. Fomati ya haraka haifuti picha zenyewe, na hapo ndipo mafundi wa aina hii hushikilia nusu ya ukweli. Inaandika MFT mpya, na mara nyingi inaanzia palepale ilipoanzia ya zamani, kwa hivyo rekodi za mwanzo zinafunikwa. Kila faili mpya ukiiweka baadaye, MFT mpya inakua na kula nyingine. Na akiondoa ile alama ya fomati ya haraka, yamekwisha: tangu Windows Vista, fomati kamili huandika sufuri diski nzima. Hapo hata ukiipeleka maabara ya ng'ambo hawatakuta kitu cha kusoma.

Lakini kosa lililo ghali kuliko yote ni hatua inayofuata, nalo hufanywa hata na watu wanaojiita wataalamu: kurudisha faili kwenye diski ile ile. Fikiria kinachotokea ndani. Programu inasoma picha ya kwanza, kisha inaomba nafasi ya kuiandika. Windows inatazama diski iliyokwisha kufomatiwa na kuona patupu kila mahali, basi inaiweka popote. Hapo “popote” pamelala, tuseme, picha ya 300, ambayo programu haijaifikia. Ikifika, inakuta picha ya kwanza imeikalia. Inaendelea hivyo hivyo, picha inazika picha, na mwishowe inakutangazia kwamba imefanikiwa. Majina sawa, ukubwa sawa, megabaiti 4 kila moja. Unafungua: bi harusi yupo kuanzia ukingo wa mtandio hadi kwenye nyusi, kutoka hapo kwenda chini ni kijivu kitupu. Nyingine nusu ya juu ni mlango wa msikiti, nusu ya chini ni kipande cha sinia la biriani kutoka picha tofauti kabisa. Sekta iliyoandikwa juu yake haina njia ya kurudi.

Na usidanganywe na ujanja wa “nitaiweka kwenye D”. Muulize hiyo D iko wapi. Wako wanaoigawanya diski hiyo hiyo patisheni mbili, wanasoma ya kwanza na kuandika ya pili, kana kwamba ni diski mbili. Ni sahani zile zile! Anayelipisha watu kwa kazi hii bila kuwa na diski ya pili mezani hastahili kushika hata flashi ya mtu.

Kanuni ni moja: nakala kwanza, sekta kwa sekta, kwenye diski nyingine, halafu ndipo uguse chochote.

Tafuta diski ya 2TB. Ya 1TB haitoshi, kwa sababu nakala ni faili moja kubwa kama diski yako nzima, na lazima ibaki nafasi ya picha utakazozitoa. Iwe na mfumo wa faili wa exFAT, NTFS au ext4. FAT32 haipokei faili inayofikia GB 4. Washa laptopu kwa Linux kutoka kwenye flashi, ile yenye betri nzima ili stima isikukate tena katikati. Kwenye Ubuntu, aina moja ya Linux, programu ya ddrescue, inayonakili diski sekta kwa sekta, iko ndani ya kifurushi kiitwacho gddrescue. Andika lsblk, amri inayoorodhesha diski, uone ipi ni ipi kwa ukubwa wake. Tuseme iliyoumwa ni sdb na ya akiba umeifungua kwenye /mnt/akiba:

sudo ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/akiba/diski.img /mnt/akiba/diski.map

Chanzo hutangulia, mwisho wa safari hufuata. Ukitaja diski mbili ukazigeuza, umejimalizia mwenyewe kazi ya fundi. Faili ya .map usiifute: ndiyo inayokumbuka sekta zilizosomwa, kwa hivyo kazi ikikatika unarudia amri ile ile na inaendelea ilipoachia. Zikibaki sekta zilizogoma, rudia ukiweka -r3 badala ya -n. Kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde, 1TB huchukua muda wa saa 3 hivi. Kwenye tundu la USB 2.0 ni usiku kucha. Iwekee feni, joto la huku haliisaidii diski.

Nakala ikikamilika, diski ya asili ifunge kwenye mfuko. Endesha testdisk diski.img (TestDisk ni programu ya kutafuta patisheni zilizopotea), chagua aina ya jedwali la patisheni inayokupendekezea, kisha Analyse na Quick Search. Patisheni ikionekana bonyeza P. Ukiona majina ya folda zako, yachague na uyanakili palepale, na usibonyeze Write kama huna haja. Ikikataa kuorodhesha, nenda Advanced, kisha Boot: NTFS huweka nakala ya sekta yake ya mwanzo mwishoni mwa patisheni, na Backup BS huirudisha, ndani ya nakala yako, si kwenye diski. PhotoRec, programu inayosaka picha bila kutegemea MFT, iwe ya mwisho. Hupata picha nyingi, ila majina na folda hupotea, unabaki na f0123456.jpg elfu kadhaa za kupanga kwa macho.

Chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, iache. Kwenye RAW hukataa, na ikikubali hutengeneza mfumo wa faili, si picha zako. Inaweza kukuachia folda ya FOUND.000 iliyojaa vipande vya .CHK.

Ukisikia tak, tak, tak, zima mara moja. Huo ni ugonjwa wa vichwa vya kusomea, hakuna programu itakayouponya, na kila dakika unakwaruza sahani. Wala usiitie friza: ukiitoa kwenye unyevu wetu huu, matone ya maji yatajikusanya juu ya sahani kama kwenye chupa ya soda.

Kabla ya kubonyeza Enter kwenye ile amri ya ddrescue, bandika hapa matokeo ya lsblk. Nitakuangalizia ipi ni ipi.