Maswali na Majibu: Askari Anapoachishwa Jeshi kwa Maradhi ya Akili

Mwanangu alirejea kutoka Somalia akiwa hapati usingizi, akishtuka hata mlango ukibamizwa. Barua ya kumwachisha inasema tu kwamba hafai kiafya. Tufanyeje? – Mama, Lanet

Mama, mstari mmoja hautoshi. Kifungu cha 47 cha Katiba ya Kenya kinampa haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi, na chini ya sheria ya mwaka 2015 inayotekeleza kifungu hicho, ofisi iliyoombwa sababu ina miezi 3 ya kujibu. Ikikaa kimya, uamuzi wake huhesabiwa kuwa haukuwa na sababu ya haki hadi ithibitishe vinginevyo. Aandike sasa, apeleke nakala mbili, na moja igongwe muhuri wa kupokelewa abaki nayo. Aulize hasa iwapo madaktari walisema maradhi yalitokana na utumishi, maana dai la fidia ya ulemavu huegemea hapo.

Je, ni kweli kwamba askari hana haki ya kwenda mahakamani? – Nyalenda, Kisumu

Si kweli. Kifungu cha 24(5) kinataja haki ambazo sheria inaweza kuwapunguzia wanajeshi, zikiwemo faragha na mahusiano ya kazi, lakini kifungu cha 47 hakimo. Sheria ya Ajira ya 2007 ndiyo isiyowahusu, na wakili anayeijenga kesi juu yake anakula ada yako bure.

Ndugu yangu hakufukuzwa kwa ugonjwa bali kwa kukosekana kambini bila ruhusa. Siku hizo alikuwa kwa shangazi yetu akiongea peke yake. – Kakamega

Hili ndilo gumu zaidi, na kwa maoni yangu ndilo linaloumiza wengi, kwa sababu dalili za ugonjwa huandikwa kama utovu wa nidhamu. Tafuteni kitabu cha zahanati cha siku zilezile, hata kama kimeandikwa dawa ya usingizi tu. Kitakuwa na uzito kuliko ripoti ya daktari aliyemwona miaka baadaye. Shangazi naye aandikishe kiapo cha aliyoyaona. Kisha ndugu yako aanze na rufaa ya ndani ya jeshi, kwani kwa kawaida mahakama humrudisha anayeiruka.

Maradhi ya akili yanatosha kupata kadi ya ulemavu? – Bungoma

Yanaweza, kwa kuwa Katiba inahesabu ulemavu wa akili na wa kisaikolojia. Atathminiwe katika hospitali ya serikali, kisha ajisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kadi hiyo, hata hivyo, haililazimishi jeshi kubadili uamuzi wake.